Kutoka maabara hadi sokoni: njia nne zilizopitwa Afrika Mashariki, na ipi inakufaa

Watafiti vijana hunijia na swali moja. Kifaa kimefanya kazi maabara, tasnifu imepita, msimamizi amempa mkono wa heri. Sasa kifaa kiende wapi? Wengine wameshaambiwa wafungue kampuni, wengine wasubiri chuo. Siku hizi wengi zaidi wanaambiwa watafute washirika wa kikanda. Maneno hayo hupendeza kwenye andiko la kuomba ruzuku, lakini hayamwambii mtu aanze kugonga mlango wa ofisi gani.

Nimeona heri niziweke njia hizo kando kwa kando, kwa mifano ya watu waliozipita kweli hapa kwetu. Kila moja naipima kwa maswali manne: nani anamiliki, fedha zinatoka wapi, mteja wa kwanza ni nani, na mpaka unavukwa vipi. Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua. Ushirikiano wa kikanda una nguvu kubwa wakati wa utafiti na majaribio, na una nguvu tena wakati wa kuuza. Katikati hapo, kwenye kuanzisha kampuni yenyewe, kampuni iwe moja na iwe ya nchi moja.

Mtafiti na kampuni yake mwenyewe: chujio la Gongali

Askwar Hilonga alikulia Gongali, kijiji cha Karatu, mahali ambapo maji machafu yalikuwa sehemu ya maisha. Alikwenda Korea Kusini kwa shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na teknolojia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Uzuri wa chujio hilo ni kwamba hurekebishwa kulingana na maji ya mahali. Aliyekulia Arusha au Meru hahitaji kuelezwa jambo hili: ameona meno ya kahawia ya watoto na mifupa iliyopinda kwa sababu ya floraidi, madini yanayozidi kwenye maji ya huko. Kilomita chache mbele floraidi si tatizo, tatizo ni vijidudu. Chujio moja kwa wote lisingefaa.

Kampuni, Gongali Model, ni ya mtafiti. Fedha za mwanzo zilitokana na tuzo na jasho. Lakini kilichonivutia zaidi ni mteja. Kaya yenye kipato kidogo haiwezi kununua chujio zima. Inaweza kununua maji ya leo, kama inavyonunua mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo dukani. Kwa hiyo chujio likapelekwa kwenye vituo vya maji, ambapo mjasiriamali wa mtaani anachuja na kuuza kwa lita. Kemia ilibaki vilevile, ila aliyelipia kifaa alibadilika, na kwa macho yangu mabadiliko hayo ni ubunifu sawa na ule wa maabara.

Gharama ya njia hii humwangukia mtu mmoja. Asubuhi ni mhadhiri, jioni ni mkurugenzi, usiku anaandika ripoti ya mfadhili. Na mpaka? Floraidi haijui forodha. Imefuata Bonde la Ufa hadi Kenya na Ethiopia, kwa hiyo soko lipo. Ila kila unapohamia unahitaji mtu wa kupima maji ya huko kabla ya kupanga chujio. Kwa teknolojia ya namna hii, mshirika wa kikanda wa kwanza kumtafuta si mwekezaji, ni maabara ya chuo kilicho karibu na maji hayo.

Serikali inapobeba: Kiira

Makerere ilitoa gari la umeme la viti viwili, Kiira EV, mwaka 2011. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Kazi iliyoanza na wanafunzi na walimu wao ikawa kampuni, Kiira Motors, ambayo serikali ya Uganda inamiliki asilimia 96 na Chuo Kikuu cha Makerere asilimia 4. Mabasi ya baadaye yalitengenezwa Nakasongola kwa ushirikiano na kiwanda cha jeshi, Luwero Industries, wakati kiwanda cha kampuni kikijengwa Jinja.

Soma tena mgawanyo huo wa hisa, maana ndio ulinganisho wenyewe. Huko Gongali mtafiti ana kampuni na hana mtaji mkubwa. Hapa mtaji upo, mkubwa kuliko ambao mwekezaji yeyote wa kampuni changa angeutoa, na chuo kilichozaa wazo kina asilimia 4. Sisemi ni dhuluma. Kiwanda cha mabasi hakijengwi kwa pauni 25,000, na hakuna benki ya biashara ambayo ingesubiri miaka zaidi ya 10 kabla ya kuona faida. Kwa magari, dawa, mitambo mizito ya umeme, sioni njia nyingine ya kuanzia kwa nchi zetu.

Bei yake ni muda na uhuru. Kampuni hutembea kwa mwendo wa bajeti ya taifa. Mteja wa kwanza huwa ni umma, na kuuza nje ni kazi ngumu zaidi kuliko kwa kampuni binafsi, kwa sababu basi la serikali ya nchi moja linapoombwa kununuliwa na serikali jirani, jirani naye huuliza kwa nini asijenge la kwake. Hilo ndilo jeraha la ushirikiano wetu ambalo hatulisemi vya kutosha. Tunafanya utafiti pamoja, kisha kila mmoja anataka kiwanda chake.

Teknolojia inapobaki chuoni na kutandaa: AirQo

Makerere hiyohiyo ina mfano wa namna tofauti kabisa. AirQo ilianza 2015 kwa kutengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima vumbi laini la hewani, vinavyostahimili joto, vumbi na umeme wa kukatika-katika. Vingine vilifungwa kwenye majengo, vingine kwenye bodaboda, ili Kampala ipimwe wakati watu wanapita humo. Data hukusanywa, hurekebishwa kwa akili mnemba, na kutolewa kwa miji na kwa watu. Leo vifaa hivyo vipo pia Nairobi, Bujumbura, na mbali zaidi, Accra na Lagos.

Msingi wa AirQo ulikuwa mradi wa chuo, fedha zake nyingi zikiwa ruzuku, ikiwemo ya Google mwaka 2019. Huyu si mjasiriamali anayetafuta faida ya haraka, na hakuna aibu katika hilo. Hewa safi haina mnunuzi mmoja. Anayevuta moshi wa kiwanda cha jirani hawezi kulipia kifaa, na mwenye kiwanda hataki kipimwe. Mnunuzi anayewezekana ni mji, na mji hununua polepole.

Mbele ya mpaka, hata hivyo, njia hii ni nyepesi kuliko zote. Mji mpya hauhitaji kufungua kampuni tanzu. Unahitaji mamlaka ya jiji iliyo tayari kutoa nguzo za kufungia vifaa, chuo cha mahali cha kusaidia, na mtu mmoja ndani ya ofisi ya mazingira anayezisoma data kila wiki. Kama unachotengeneza ni data, na thamani ya data inaongezeka kila mji unapoongezeka, tandaa kwanza, kampuni ije baadaye. Hatari ni kuchelewa mno: ruzuku ikikauka kabla hujapata hata mteja mmoja anayelipa, vifaa hubaki juu ya nguzo vikiwa vimezimika.

Ubia wa nchi kadhaa: viwanda vitatu, maji machafu ya aina tatu

Njia ya nne ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo isiyojulikana sana nje ya watafiti.

Programu ya BioInnovate Africa ina makao Nairobi, ndani ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Inafadhiliwa na Sweden, na awamu yake ya kwanza ilianza 2010. Lengo lake ni kusukuma utafiti wa baiolojia ufike sokoni, na hufanya hivyo kwa kuwakutanisha wanasayansi wa nchi zaidi ya moja pamoja na kampuni.

Moja ya kazi za awamu ya kwanza ilihusu maji machafu ya viwanda. Makerere walifanya kazi na machinjio ya Kampala. Chuo Kikuu cha Addis Ababa walifanya kazi na kiwanda cha ngozi cha Modjo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na Banana Investments ya Arusha, watengenezaji wa mvinyo wa ndizi. Wazo la msingi lilikuwa moja: maji machafu yaingie kwenye mtambo usio na hewa, bakteria wayavunje na kutoa gesi ya kuwasha, kisha yapite kwenye ardhioevu ya kutengenezwa ambapo mimea na changarawe humalizia usafi.

Sasa fikiria faida yake. Damu na kinyesi cha machinjio si kitu kimoja na kemikali za kusindika ngozi, wala na masalia matamu ya ndizi. Timu ya nchi moja ingepima maji ya aina moja, ingeandika makala, na ingedhani imemaliza. Hapa mtambo ulijaribiwa mara tatu kwa uchafu wa aina tatu, na kila mahali palikuwa na mwenye kiwanda anayejua gharama ya kutupa maji yale na anayejua kwamba mamlaka ya mazingira itagonga hodi. Mteja hakutafutwa mwishoni. Alikuwemo chumbani tangu mwanzo, na angenufaika mara mbili: maji yanayokidhi kanuni, na gesi inayopunguza gharama ya nishati.

Huo ndio ushirikiano wa kikanda ninaoutetea. Majaribio yanagawanywa ili ukweli upatikane haraka.

Hata hapa yapo ya kuangalia. Ubia wa taasisi tano una sahihi tano, wahasibu watano, na kalenda tano za likizo. Fedha zikichelewa kwa mmoja, wote wanasimama. Na mradi ukiisha swali gumu hubaki: nani sasa anauza mtambo? Chuo hakiuzi mitambo. Mwenye kiwanda anatengeneza mvinyo, si mitambo ya maji. Bila mtu aliyeandaliwa mapema kuwa mwuzaji, maarifa mazuri hurudi kabatini. Kwa hiyo ukijiunga na ubia wa namna hii, kabla ya sahihi ya kwanza muulizane ni nani atakayefungua kampuni mradi ukiisha, na wengine watapata nini kwake.

Hati inayosahaulika

Kati ya njia zote nne, palipo na maumivu mengi ni kwenye miliki ubunifu, yaani haki ya mtu juu ya alichobuni. Nimewahi kukaa na kijana aliyekuwa ameshawasilisha kila kitu kwenye mkutano wa kisayansi wa nchi jirani, michoro na vipimo vyote, akishangiliwa. Alipokuja kuuliza habari za hataza, hati inayomlinda mvumbuzi asiigwe, upya wa uvumbuzi wake ulikuwa umeshamwagika. Mikutano ndiyo inayotukutanisha watafiti wa kanda, na ndiyo inayotunyang'anya hataza.

Mpangilio ni huu. Peleka kwanza maombi kwenye ofisi ya nchi yako: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda, RDB kwa Rwanda. Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Ukishawasilisha, una miezi 12 ya kuomba kwingine ukihesabiwa tarehe ya maombi ya kwanza. Ndani ya miezi hiyo unaweza kwenda ARIPO, shirika la kanda la miliki ubunifu lenye makao Harare, ambalo kwa maombi mamoja hukuwezesha kuzitaja Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nyingine zilizomo kwenye mkataba wake wa hataza, Itifaki ya Harare. Kila nchi uliyoitaja ina miezi 6 ya kupinga. Hataza ikitoka hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha, mradi ulipe ada ya kila mwaka. Burundi na Kongo hazimo humo, hivyo kama soko lako liko Bujumbura au Bukavu, panga njia tofauti.

Usitaje nchi zote kwa sababu tu zipo kwenye fomu. Kila nchi ni ada ya kila mwaka. Taja unapouza na unapoogopa kuigwa. Kama ulichotengeneza ni programu ya kompyuta, kinga yako ya kawaida ni hakimiliki, na fedha za hataza zinaweza kulipia mhandisi.

Halafu soma sera ya chuo chako kuhusu miliki ubunifu kabla ya kumwahidi mshirika chochote. Vyuo vingi hudai sehemu ya kilichotengenezwa kwa vifaa na mishahara yao. Ukiwa na ubia wa vyuo vitatu, una sera tatu zinazodai kitu kimoja.

Kampuni isajiliwe wapi?

Hapa sitakaa sana, kwa sababu jibu langu ni fupi: pale alipo mteja wa kwanza.

Watu hukimbilia Nairobi kwa ajili ya wawekezaji, na kweli wako wengi huko. Hukimbilia Kigali kwa sababu usajili kwa RDB ni wa mtandaoni na hauchoshi, na mji una tawi la chuo kikuu cha Marekani, Carnegie Mellon, tangu 2011 pamoja na vituo vya wabunifu kama kLab. Lakini Rwanda ilihesabu watu milioni 13.2 kwenye sensa ya 2022. Tanzania, mwaka huohuo, milioni 61.7. Uganda ilihesabu milioni 45.9 mwaka 2024 na Kenya milioni 47.6 mwaka 2019. Kama unauza kwa wakulima mmoja mmoja, idadi hizo zina uzito kuliko wepesi wa fomu. Kama unauza kwa serikali moja iliyo tayari kujaribu jambo jipya haraka, Kigali inaweza kuwa chaguo bora kabisa: ndiko Zipline ilikoanza kusafirisha damu kwa droni mwaka 2016, kabla ya kwenda kwingine.

Utasikia pia kwamba mwekezaji anataka kampuni mama isajiliwe Delaware, Marekani, au Mauritius. Ni kawaida kwa wawekezaji wengi wa nje. Subiri mpaka awepo mwekezaji halisi mwenye hundi, kisha umlipe mwanasheria vizuri. Kuhamisha hataza kutoka nchi moja kwenda nyingine kuna kodi zake.

Vibali navyo havisafiri vyenyewe. Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho tu tangu 2014. Watu wanapita, lakini dawa ya kibiolojia ya kuua wadudu iliyosajiliwa Kenya na PCPB, bodi ya viuatilifu ya huko, bado inahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla ya kuuzwa Mbeya. Hapa ndipo majaribio ya pamoja yanapolipa tena: kama shamba la majaribio lilikuwapo pande zote mbili tangu utafiti, data ya kuombea kibali cha pili tayari unayo mkononi.

Chagua hivi

Kama teknolojia yako inaweza kuuzwa vipande vidogo kwa watu wa kawaida, na wewe mwenyewe una moyo wa biashara, fuata njia ya Gongali. Anzia kituo atamizi cha nchini, kinacholea kampuni changa: Buni Hub iliyo chini ya COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, kwa Dar es Salaam, au vituo vya vyuo kama C4DLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Tafuta washirika wa kikanda utakapokuwa na wateja wanaorudi.

Kama inahitaji kiwanda, nenda serikalini bila kuona haya, lakini mgawanyo wa hisa ujadiliwe kabla gari la kwanza halijakatiwa utepe. Baada ya sherehe nguvu yako ya kujadili imeisha.

Kama ni data au huduma ya umma, baki chuoni na utandae, huku ukitafuta mji mmoja wa kulipa.

Kama tatizo lenyewe lina sura tofauti kila nchi, maji machafu, magonjwa ya mimea, udongo, mbegu, basi ingia ubia. Kumpata mshirika si lazima iwe kwa bahati ya kukutana hotelini. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, Kampala, limeratibu mradi wa Benki ya Dunia wa vituo 24 vya umahiri katika nchi 8, ulioanza 2016. Kituo cha WISE-Futures cha maji na nishati pale Nelson Mandela ni kimojawapo. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Jumuiya, EASTECO, iko Kigali. Kazi ya taasisi hizo ni kuratibu na kukutanisha. Mtaji wa kampuni utautafuta kwingine. Na usidhani unaanza jambo geni. Kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja.

Ukishawapata washirika, karatasi ya kwanza kuandikwa pamoja isiwe andiko la ruzuku. Iwe ukurasa mmoja tu: kila taasisi inaleta nini, matokeo ni ya nani, nani ataomba hataza na katika nchi zipi, na jina la mtu mmoja, si la taasisi, atakayeacha kazi yake ili auze.